Sukari ilinishuka nikitoka Kibirizi. Nianzeje tena mazoezi?

Mama Shabani, Mwanga

Mwakeye ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 52, nakaa Mwanga hapa Kigoma, nauza vitenge. Niligundulika na kisukari aina ya pili mwaka 2019. Nina kilo 94, na goti la kulia linaniuma nikipanda mlima. Natumia metformini asubuhi na jioni, na glibenklamidi kidonge kimoja asubuhi.

Kliniki kila mwezi ni maneno yaleyale: "Mama, punguza uzito, fanya mazoezi." Kadi inaandikwa, anaitwa mwingine. Mazoezi gani, saa ngapi, nikiwa nimekula au sijala, sijawahi kuambiwa. Na mimi sikuuliza, foleni nyuma yangu ndefu.

Basi Jumatatu iliyopita nikajikaza. Saa kumi na moja alfajiri nimeamka, nimemeza dawa zote, nikavaa malapa, nikateremka hadi stesheni na kuunganisha mpaka Kibirizi. Sikutia kitu mdomoni, nilidhani tumbo likiwa tupu ndiyo mafuta yanayeyuka. Kwenda ilikuwa raha, ziwa limetulia, mitumbwi ya dagaa inaingia. Kurudi sasa! Mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka shingoni mpaka mtandio ukalowa, midomo ikafa ganzi. Nikakaa chini palepale kando ya beseni la mama mmoja muuza dagaa. Hakuniuliza mengi. Alinitazama tu akasema, "Wewe una sukari," akamtuma kijana soda, akanishikia chupa mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa naimwaga.

Sasa mwanangu mkubwa anasema mazoezi basi. Mimi sitaki kuacha. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu, na aliyekuwa akimfunga kidonda ni mimi. Naomba aliyepitia anielekeze.

Mzee wa Ujiji

Pole sana mama Shabani. Nina mwaka wa 14 na sukari. Usiache, ila ulianza na safari ya mtu mzima wa afya. Mimi nilianza na dakika kumi baada ya chakula cha mchana, nazunguka mtaani kwetu ambako ni tambarare. Kutembea ukishakula kunasaidia sukari isipande sana. Hiyo miinuko ya Mwanga iache kwanza, goti halitakuvumilia.

Na malapa yatupe. Mimi msumari uliwahi kupenya ndala nikautembelea mchana kutwa bila kuusikia, sukari imeshanifisha ganzi nyayo, mke wangu ndiye aliyeona damu sakafuni. Nunua raba za kufunga, vaa na soksi, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani upapase. Usiku tazama nyayo.

Kijana wa Gungu

Mama acha hivyo vidonge, kunywa limau na tangawizi asubuhi. Utapungua bila kutembea.

Muuguzi, Tabora

Mdogo wangu wa Gungu, hapana. Akiacha dawa ghafla sukari itapanda, na limau haiondoi mafuta mwilini.

Mama, kilichokuangusha ni glibenklamidi juu ya tumbo tupu. Dawa hiyo inalazimisha kongosho kutoa insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama hujala, halafu miguu nayo ikatumia sukari iliyobaki. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Kwa hiyo glibenklamidi imeze pamoja na chakula, na urudi kliniki useme hivihivi ulivyoandika hapa, waangalie dozi. Foleni isikutishe, ni haki yako.

Pima sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5.5 (mmol/L), kula kwanza ndizi au kipande cha muhogo. Ukitetemeka, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Beba sukari hiyo kwenye pindo la kanga kila siku. Maumivu ya kifua yakikujia, simama na utafute hospitali.

Mwendo mzuri ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, ufike polepole. Ukipungua kilo tano tu, sukari yako itaonyesha tofauti. Na mawese: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

Mama Shabani, Mwanga

Narudi baada ya wiki sita. Nilikwenda kliniki na karatasi niliyoandikiwa na binti yangu, nikaisoma yote. Daktari amenipunguzia glibenklamidi, nusu kidonge, na chakula. Natembea jioni baada ya kula, nilianza dakika kumi, sasa 25. Mwanangu ananisindikiza, hanung'uniki tena. Nina kilo 91. Ugali wa muhogo sikuacha, nimeupunguza ukubwa, mboga ndiyo imejaza sahani. Kilichonishinda ni kupunguza mawese, wiki mbili za kwanza chakula hakikupita.

Jumamosi nilipanda bajaji hadi Kibirizi kumrudishia yule mama hela ya soda. Amekataa kuipokea. Nikanunua kwake dagaa visado viwili.