Mama kapooza upande mmoja, dada wa kishikwambi kamwandikia afya 95!!!

Mbeba Zege
Wakuu, salamu zitakuja nikipoa. Yule dada wa kishikwambi mnamjua nyote, wa fulana ya mradi, anapiga hodi miguu ishafika sebuleni. Leo kaja "kufuatilia maendeleo ya mgonjwa".

Mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki, mguu anauburuza. Kanga namfunga mimi, na kila asubuhi ananisema nimeifunga kama gunia la mkaa. Dada kajitupa kwenye kochi, hedifoni sikio moja, anabonyeza huku anatafuna karanga zetu. Swali la kutembea hakuuliza: kamwona mama kakaa katulia, kabonyeza. La kujihudumia, kamwona mama msafi, kabonyeza. Kaogeshwa na nani, jini?

Likaja la mwisho, afya yako leo kati ya 0 na 100. Dada hata hajainua kichwa: "Bibi, unaendeleaje?" Mama ni mtu wa Pangani, hata nyumba ikiwaka moto atakwambia salama. "Nashukuru Mungu mwanangu, hatujambo." Dada: "Haya, tisini na tano."

TISINI NA TANO! Mimi kijana, nabeba zege kutwa, sifiki sabini! Mwenye 95 ni mtu anayepanda Kilimanjaro kinyumenyume! Namwambia afute, ananijibu "mfumo umeshatuma, kaka". Umetuma nini? 95! Wakimwondoa yule kijana wa mazoezi ya viungo kwa hiyo 95, nitamlilia nani?

Kipanga Mweusi
Uzi bila picha ya hiyo kanga haujakamilika.

Nesi Mstaafu
Pole mleta mada. Hilo linafanana na dodoso la kupima hali ya afya liitwalo EQ-5D: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, wasiwasi au huzuni. Halafu kuna mstari kama kipimajoto: 0 ni afya mbaya kabisa unayoweza kuifikiria, 100 ni nzuri kabisa. Anayepima ni mgonjwa mwenyewe, si mhojaji kumkadiria. Mama alitakiwa aonyeshwe mstari aweke kidole. Ukimuuliza mtu mzima wa pwani "unaendeleaje", hiyo ni salamu na atakujibu salamu.

Mbeba Zege
Kidole?! Kishikwambi hakikutoka mapajani mwake! 95!

Msukuma wa Leicester
Huku Uingereza tangu 2009 ukibadilishwa nyonga unapewa dodoso ujaze mwenyewe, kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baada yake. Maswali 12, alama 0 hadi 48. Unaulizwa hadi kama unaweza kuvaa soksi.

Kipanga Mweusi
Watu wa ughaibuni hamkosekani. Mama wa watu anavaa kandambili, soksi za nini?

Binti Kariakoo
Mleta mada, mwanaume mzima umesimama hapo unahesabu karanga mpaka mfumo ukatuma. Wewe nakupa 12.

Dogo Janja wa Mbagala
Afadhali yenu. Mimi kliniki waliniuliza, ndani ya wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo. Nikasema tangu timu ifungwe. Kaweka "karibu kila siku", alama 3, nikaitwa chemba kwa ushauri nasaha. Na bado tukafungwa tena.

Binti Kariakoo
Hapo walikutendea haki 🤣

Mzee wa Busara
"Mfumo umeshatuma" ndiyo kauli yao wote. Kwangu msoma mita za maji anasoma akiwa juu ya bodaboda, haizimwi. Bili ya mwezi huu utadhani nafuga kiboko.

Kipanga Mweusi
Wa kwenu anapita? Wa kwetu anapiga simu, "mama, mwezi huu mmetumia kama kawaida eeh?"

Dogo Janja wa Mbagala
Sisi bili inakuja, maji hayaji. Juzi bomba limetoa upepo, mita inazunguka kama feni.

Nesi Mstaafu
Hilo la upepo ni kweli kabisa, hata kwangu.

Mbeba Zege
Wakuu, turudi kwa mama. 95 jamani!

Mzee wa Busara
Mkuu, la kiharusi lifungulie uzi wake. Hapa tunaongelea maji.