Wana Tanga, kabla hujalipia safari ya meli ya kitalii soma hapa: tumeambiwa bei ni ya wawili, kumbe ya mtu mmoja, na jina la mke wangu limeandikwa sivyo

Wakuu, asalaam aleikum na habari za jioni. Sina kawaida ya kufungua uzi, huwa nasoma na kupita. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nina hasira na nitaandika kwa kirefu, mniwie radhi.

Nakaa Chumbageni, na nimekuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka 19. Meli nimeziona. Miaka ile zilikuwa zinatia nanga kule nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndipo uletwe gatini, kazi moja inafanywa mara mbili. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli kubwa zinafunga gatini kabisa. Katika miaka yote hiyo sijalala ndani ya meli hata usiku mmoja kama abiria. Mke wangu ndiyo kabisa, bahari anayoijua ni ya boti ya Pemba, na humo anatapika tangu tukipita Yambe mpaka Wete.

Mwakani tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Fungate hatukula. Tulioana Jumamosi, Jumatatu nikawa kazini, na mwezi uliofuata mama yake akalazwa Bombo, tukawa wa kwenda na kurudi hospitali mpaka Mungu akamchukua. Safari ya wawili tuliiahirisha mwaka hadi mwaka: ada, paa la nyumba, ada tena. Miaka miwili iliyopita tukasema basi. Yeye akaanza kutenga kwenye kikoba kutokana na mgahawa wake wa Barabara ya 12, mimi nikatenga pesa ya ovataimu. Hatukumwambia mtu.

Kwa nini meli, na kwa nini upande ule? Mama mdogo wake yuko Maskati. Aliolewa huko mke wangu akiwa binti mdogo, na sasa ni mtu mzima, magoti yamemkatalia, hasafiri tena. Ndiye aliyebaki katika watoto wa bibi yao, na kwa sura amefanana mno na marehemu mama mkwe. Kwa hiyo tulipoona tangazo la meli inayotoka Dubai, inapita Abu Dhabi, inalala Maskati, kisha inarudi Dubai, mke wangu alikaa kimya dakika nzima, halafu akasema, "Hii ndiyo yetu."

Tangazo lilisema usiku 7, dola 780, "malazi na chakula, maalumu kwa wanandoa". Ofisi ya wakala iko hapa hapa mjini. Jina sitalitaja kwa sasa, nataka kwanza nimalizane nao kwa maandishi.

Tulikwenda wote wawili. Kijana alitupokea vizuri, maji, viti, "karibu shemeji, karibu kaka". Nikamuuliza swali moja kwa lugha nyepesi: "Mdogo wangu, hii 780 ni ya mtu mmoja au ya chumba?" Akanijibu, mke wangu shahidi, "Kaka, ni ya chumba, meli ni kama hoteli, mnalipia chumba." Nikauliza viza. Akasema ni moja tu, ya Dubai, ataishughulikia yeye. Mke wangu akauliza chakula cha halali. "Shemeji, ondoa shaka, Dubai ile." Akauliza dirisha, maana alitaka aione Maskati alfajiri meli inapoingia. "Mtaona bahari mpaka mchoke."

Tukalipa malipo ya awali shilingi 1,200,000. Risiti tulipewa. Masharti hatukupewa.

Wiki tatu baadaye ndiyo ikaja ankara. Dola 2,560. Kwa wawili, bila tiketi za ndege. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikaipeleka kwa mpwa wangu anayesoma Dar, alikuwa likizo, akachukua namba ya booking akaingia nayo kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe. Yaliyotoka humo ndiyo yamenileta hapa.

Bei ya 780 ni ya kila mtu, wawili wakichangia chumba. Huo ndio utaratibu wa meli hizi karibu dunia nzima, na anayesafiri peke yake kwenye chumba hutozwa karibu ya wawili. Kwa hiyo simlaumu mwenye meli. Kampuni imeandika wazi, ila kwa Kiingereza na kwenye ukurasa ambao sisi hatukuonyeshwa. Namlaumu mtu aliyekaa mbele yangu, akijua, nikamuuliza kwa kinywa changu, akanijibu uongo ili nitoe milioni.

Juu ya hizo 1,560 kuna kodi na ushuru wa bandari, dola 150 kila mtu. Mimi nafanya kazi bandarini, najua meli haifungi kamba bure, hiyo naikubali, lakini ilitakiwa itajwe siku ya kwanza. Kuna ada ya huduma kwa wahudumu, dola 12 kwa siku kwa kila mtu, usiku 7, hiyo ni 168. Nayo ni desturi ya meli hizi, inaingia kwenye akaunti ya chumba chenyewe kila siku.

Halafu dola 532 za kifurushi cha vinywaji. Vya pombe. Wawili tuliokwenda ofisini pale mmoja amevaa kofia na kanzu, mwingine kajitanda mtandio, ndio tumeandikiwa kifurushi cha bia na mvinyo cha dola 38 kwa siku kwa kila kichwa. Hakutuuliza. Nilipompigia alisema "mfumo unaweka wenyewe". Mpwa wangu akafungua mbele yangu: ni kisanduku, unatia alama au unatoa. Mtu alikitia alama. Na kwenye kampuni nyingi ni sharti kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, na mwenzake anunue, kwa hiyo alama moja inakula mara mbili. Hili limemuumiza mke wangu kuliko lile la bei. Alisema, "Huyu hata hakututazama."

Tukaendelea kusoma. Chumba tulichowekewa ni cha ndani. Hakina dirisha wala tundu, kiko katikati ya meli kuta pande nne, ukizima taa hujui mchana wala usiku. Ni vya bei ya chini, na kwa mtu anayetaka kulala tu vinafaa. Sisi tuliomba dirisha. Zaidi ya hapo, kiko mbele kabisa na juu. Mtu yeyote aliyepanda chombo anajua tezi na omo ndiko kunakopanda na kushuka, na kadiri unavyokaa juu ndivyo unavyoyumba. Mwenye kichefuchefu anawekwa katikati, chini. Nilimwambia kijana yule mke wangu anatapika. Aliandika kwenye daftari, nilimwona akiandika.

Sasa jina. Hapa naomba kila mwenye mke asome taratibu.

Pasipoti ya mke wangu ni mpya, ya kielektroniki, tumeilipia shilingi 150,000 Uhamiaji, ina jina lake, la baba yake na la babu yake. Kama wake zetu wengi, hakubadili jina alipoolewa. Yule wakala, akiwa na nakala ya pasipoti mkononi, amemwandika jina lake la kwanza kisha ubini wangu mimi. "Nilijua ni mke wako, kaka." Ndugu zangu, jina la kwenye booking likitofautiana na la pasipoti, bandarini hupandi. Hapo si suala la kueleweshana na askari wa getini. Orodha ya abiria inakwenda kwa mamlaka za bandari zote meli itakapopita. Angefika Dubai na sanduku lake, na mimi ningepanda meli ya miaka 15 ya ndoa peke yangu.

La viza ni hivyo hivyo. Fomu aliyotujazia ni ya kuingia mara moja. Fikirini njia yenyewe: unaingia Falme za Kiarabu kwa ndege, unapanda meli, Abu Dhabi bado ni nchi ile ile, kisha meli inavuka kwenda Oman. Ukifika Maskati umeshatoka. Meli ikirudi Dubai unaingia mara ya pili, na viza yako imekwisha kazi. Anayehitaji viza kwa safari ya namna hii anatakiwa awe na ya kuingia zaidi ya mara moja, na kampuni za meli zinaikagua kabla hujapanda. Oman nayo ni nchi nyingine, ina utaratibu wake, na yeye hakuitaja hata kwa neno moja. Ni kama kumpeleka mtu Pemba ukamkatia tiketi ya kwenda tu.

Wanaopanga kwenda Ulaya, jambo hilo hilo liko kwa viza ya Schengen. Meli ikitoka Ugiriki ikagusa Uturuki kisha ikarudi, umetoka na kuingia tena. Ombeni ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inatakiwa isipungue euro 30,000. Mkikosea hurudishiwi ada.

Chakula cha halali nimeandikia kampuni mwenyewe. Wamenijibu kwa adabu kwamba jikoni mwao kuna nyama za kila aina ikiwemo nguruwe, na mwenye mahitaji maalumu anatakiwa aombe wiki kadhaa kabla ili waandae. Kwenye booking yetu hakuna ombi lolote. "Dubai ile" ndiyo ilikuwa maandalizi yake.

Nimekwenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza kijana hayupo. Mara ya pili yupo bosi, akaniambia maneno haya: "Mzee, kama hamna uwezo semeni, wateja wa meli tunawajua." Nilinyanyuka nikaondoka, maana ningebaki pale ningetenda jambo la kunifunga. Mimi sijaomba punguzo. Tungeambiwa 2,560 siku ile, tungerudi nyumbani tukahesabu, tukasema tungoje mwaka mmoja zaidi. Tumengoja 14, wa 15 ungetushinda nini? Mtu amenikosesha nafasi ya kuamua na mke wangu, kisha ananiambia sina uwezo.

Pesa ya awali wanasema hairudi, "ni sharti la meli". Kwenye tovuti nimeona makato yanapanda kadiri tarehe inavyokaribia, na salio lote linatakiwa kabla ya safari kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kila wiki wanayonizungusha inanigharimu mimi, haiwagharimu wao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na wakala wa safari anatakiwa awe na leseni. Sikuiona ukutani. Jumatatu nakwenda na barua, nakala nitapeleka Tume ya Ushindani, na binamu yangu wakili atakuwa nami. Nataka manne: jina lisahihishwe kwa gharama yao, kifurushi cha pombe kitolewe, chumba kihamishwe katikati ya meli chenye dirisha nami nitalipa tofauti ya kweli, na viza iombwe upya sawasawa. Wakishindwa, milioni yetu na laki mbili zirudi zote.

Naomba waliowahi kupanda meli hizi mnisaidie. Kusahihisha jina, je, kampuni inakubali mteja apige moja kwa moja au lazima apitie kwa wakala aliyefanya booking? Kadi ya benki ya hapa inapokelewa kufungulia akaunti ya chumba? Maana nimesoma humo ndani noti hazitumiki, kila kitu kinakwenda kwenye kadi ya chumba, na anayetaka kutumia taslimu anaweka kwanza amana mapokezi. Na Maskati, kwa vile meli za mizigo zilihamishiwa bandari ya Sohar tangu 2014 na bandari ya mjini pale Matrah wamewaachia watalii, abiria anaruhusiwa kuchukuliwa na ndugu getini au lazima awe na msafara wa meli? Tukichelewa kurudi, meli haitusubiri, hilo nalijua. Nimeshazishuhudia zikifungua kamba mtu yuko nchi kavu.

Wale mtakaokuja na "mngepanda ndege tu mkamsalimie bibi", nimewasikia kabla hamjaandika. Mke wangu ana haki ya kufika kwa mama yake mdogo kwa njia aliyoichagua na kuilipia mwenyewe, kwa pesa ya chapati na maharage ya miaka miwili.

Mama mdogo kashaambiwa tarehe. Jana usiku alipiga simu kuuliza kama mtoto wa dada yake anapenda halua yenye zafarani nyingi au ya kiasi, maana anataka kuagiza mapema. Mke wangu alimwambia mtandao unakatika, akakata simu. Bado hajampigia.