Timorasso, Pecorino au Nascetta: upi uende na samaki wa kupaka?

Mpishi_Torino
Wakuu, salaam. Jumapili mwenye nyumba wangu alinimiminia mvinyo mweupe uitwao Timorasso. Funda la kwanza halikunipa kitu, ulikuwa wa baridi mno. Nikaiweka glasi kando nikaendelea kukuna nazi. Baada ya nusu saa naiinua: asali, pea lililoiva, na kwa mbali harufu ya mafuta ya taa, kama utambi wa jiko uliozimwa sasa hivi. Nilidhani umeharibika, kumbe ndivyo ulivyo! Tangu hapo nauwaza huo tu. Sasa nina wageni sita, napika samaki wa kupaka. Dukani wana huo, na mivinyo mingine miwili myeupe ya Italia: Pecorino wa Marche na Nascetta wa Langhe. Nichukue upi?

Mvunaji
Nimevuna vilima vya Tortona misimu minne, kwa hiyo moyo wangu uko huko. Timorasso uliponea chupuchupu. Wadudu wa filoksera walipoimaliza mizabibu ya Ulaya, wengi hapa hawakuupanda tena: ni msumbufu, mwaka huu unazaa, mwaka ujao maua yanapukutika. Wakapanda zabibu nyingine, Barbera na Cortese. Mkulima Walter Massa wa kijiji cha Monleale ndiye aliyeung'ang'ania, na mvinyo wake wa kwanza ni wa mavuno ya 1987. Kwenye lebo tafuta neno Derthona, jina la kale la Tortona. Yale mafuta ya taa huja na umri, kama kwenye mvinyo mweupe wa Riesling, kwa hiyo usichukue wa juzi.

Dada_wa_Ancona
Kwa samaki wa kupaka kura yangu ni Pecorino. Tui zito linataka uchachu wa kulikata, na zabibu hii huiva mapema uchachu wake ukiwa palepale. Si lile jibini la jina hilohilo jamani! Jina linatokana na kondoo. Wanasema wachungaji walikuwa wakizila njiani na mifugo yao. Nayo ilikaribia kupotea, hadi mkulima Guido Cocci Grifoni alipochukua vipandikizi kule Arquata del Tronto, mlimani, miaka ya 1980.

Jirani_Cuneo
Nascetta ni wa Novello, mtengeneza mvinyo Elvio Cogno aliurudisha miaka ya 1990. Una kachumvi na harufu ya rozmari, naupenda sana. Ila pilipili na nazi zitaufunika. Unywe kabla ya chakula.

Mvunaji
Dada, uchachu hata Timorasso unao, tena na uzito juu yake. Ile ngozi ya samaki iliyobabuka kwenye makaa itausukuma Pecorino pembeni.

Dada_wa_Ancona
Kwa ngozi ya makaa nakubali. Kwa mchuzi, sikubali.

Mpishi_Torino
Nimechukua Derthona mbili za 2018, na Pecorino moja ya mchuzi wa dada. Nizitoe kwenye friji saa ngapi?

Mvunaji
Derthona nusu saa kabla ya kukaa mezani, Pecorino dakika ile ile. Glasi ziwe pana. Na ukiona jibini la Montebore, lile lililopangwa ngazi kama keki ya harusi, nunua. Funda la mwisho la Derthona liwekee hilo.