Eti "sorry" mpaka uwe umemsukuma mtu?

Wakuu, huyu wa ofisini kwetu mnamjua. Kila ofisi inaye. Kakaa Uingereza miezi tisa, karudi hata salamu anaipitishia puani.

Leo saa nne dada wa mapokezi kateleza kwenye ngazi, chai na chapati chini. Mwenzenu nikasema "sorry!", kama mtu aliyelelewa na mama yake. Jamaa akanigeukia: "Kwani wewe ndiye uliyemsukuma?"

Mbele ya bosi. Mbele ya wageni. Dada yuko sakafuni anaokota chapati, mtu anafungua darasa! Eti sorry ni ya mwenye kosa, ningesema "oh dear". Mtu kaanguka mimi namwita mpenzi?

Sorry yangu ilikuwa POLE. Kiingereza hakina pole, tufanyeje? Nimeshika kamusi kwa hasira: neno limetoka kwenye sarig la Kiingereza cha kale, yaani mwenye uchungu, ukoo mmoja na "sore", kidonda. Kosa halimo. Na msibani Waingereza wanasema "sorry for your loss". Wao ndio waliomuua marehemu? Mguu unawakanyaga wewe, sorry wanasema wao!

"Kwani wewe ndiye uliyemsukuma?" Nimeisikia mpaka kwenye daladala. Nikinawa naisikia.

MzeeWaKahawa: Hujajibu swali. Ulimsukuma?

BintiPangani: Sorry umetoa. Chapati umeokota ngapi?

Mleta uzi: Nilikuwa nimeduwaa, dada yangu.

BintiPangani: Haya. Pole ya mdomo.

Kibatari: Afadhali wako. Wa kwetu anasema "I'm coming" huku anatoka mlangoni. Kasema Alhamisi, mpaka leo kiti kinamsubiri.

MzeeWaKahawa: Kibatari, hiyo ni "nakuja" yetu imevaa tai. Mwache mtu wa watu.

Mpangaji_Sugu: Mama mwenye nyumba wangu sorry anazo debe zima. Maji hayatoki, sorry. Umeme umekatika, sorry. Kodi ikichelewa siku moja Kiingereza kinamwisha, anakuja na Kiswahili cha kwao.

Kibatari: Na konda akikukanyaga? Sorry, na mguu hautoi.

Mpangaji_Sugu: Wa kwetu ana buti.

BintiPangani: Jamani, chapati zenyewe zilikuwa za maji au za kusukuma?

Mleta uzi: Usianze.

MzeeWaKahawa: Za kusukuma kwetu zimefika mia tano. Mia tano! Na unaona mpaka ng'ambo.