Naomba ushauri: maneno ya masharti katika maelezo ya kiufundi

Ndugu wataalamu, salaam kutoka Masasi, Mtwara. Ninaandika maelezo ya kiufundi ya programu ya kupokelea korosho ghalani kwa ajili ya chama kimoja cha msingi, na kwa kuwa toleo la kwanza lilizua mgogoro, naomba ushauri kabla sijakabidhi la pili. Niliandika kwamba programu “inatakiwa” kumpa mkulima stakabadhi mara mzigo wake unapopimwa. Mtengenezaji akalichukua neno hilo kuwa pendekezo tu, akaiacha sehemu hiyo, na kusema kweli maneno yangu ndiyo yaliyompa mwanya.

Nimesoma RFC 2119 ya Machi 1997, waraka wa viwango vya intaneti kuhusu maneno ya masharti ya Kiingereza, unaotenga sharti lisilo na hiari (MUST), pendekezo (SHOULD) linaloweza kuachwa pale tu penye sababu halali na baada ya kupima matokeo yake, na jambo la hiari kabisa (MAY). RFC 8174 ya mwaka 2017 ilifafanua kwamba maneno hayo hubeba maana hiyo maalumu yanapoandikwa kwa herufi kubwa tu. Nimechagua LAZIMA, INASHAURIWA na HIARI, nikakwepa “inaweza”, kwa sababu kwetu hubeba uwezo na ruhusa kwa pamoja.

Kinachonitatiza ni ukanushaji: “si lazima” haikatazi kitu, hivyo nafikiria MARUFUKU, ingawa linasikika kama bango la mlangoni. Ninyi mnatumia neno gani? Na umeme ukikatika, sharti la stakabadhi ya papo hapo libaki LAZIMA lenye udhuru uliotajwa, au lishushwe kuwa INASHAURIWA?