Galaksi naiona kama alama ya pumzi kwenye kioo, darubini mbovu au ni macho yangu?

kioo130

Wakuu habari za usiku. Nina darubini ya kioo, upana wa kioo milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, ina miezi miwili tu tangu niipate. Mwezi nimeutazama mpaka nikaishiwa maneno, Mshtarii na ile miezi yake minne nimeifuatilia wiki nzima inavyobadilishana nafasi, Zohali nayo pete zake zinaonekana kabisa zimejitenga na sayari. Nikasema sasa ngoja nihamie kwa vitu vya mbali, galaksi, nebula (yale mawingu ya gesi), mafungu ya nyota, maana ndivyo hasa vilivyonifanya nitamani darubini tangu nikiwa mdogo.

Nikaanza na galaksi ya Andromeda. Nimeitafuta siku mbili bila mafanikio, ya tatu nikaipata, na ninachokiona ni kama alama ya pumzi ukihemea kwenye kioo, kijivu tu, katikati pameng'aa kidogo halafu pembeni panafifia hata hujui imeishia wapi. Hakuna ile mikono iliyojizungusha, hakuna rangi. Nikaweka lenzi ya milimita 4 pamoja na ile balo (lenzi ya kuzidisha ukuzaji) ya mara tatu iliyokuja kwenye boksi, ndio ikapotea kabisa, giza tupu. Nimesafisha lenzi, nimerudia fokasi, wapi.

Naomba kujua, kioo kimeharibika? Au nahitaji lenzi ya kukuza zaidi? Au zile picha tunazoziona ni za kutengeneza tu? Niambieni ukweli maana nimeumia kidogo.

---

Bi_Kilimia

Pole mdogo wangu, na hongera pia, maana hiyo alama ya pumzi ndiyo galaksi yenyewe. Kama pete za Zohali unaziona zimejitenga basi kioo chako kizima, ondoa hofu hapo.

Tatizo ni kwamba vitu unavyovitafuta sasa havifanani kabisa na sayari. Sayari ni ndogo lakini kali, ukiikuza bado mwanga upo wa kutosha. Galaksi ni kubwa lakini hafifu. Andromeda imetanda zaidi ya digrii 3 angani, yaani ukipanga miezi mipevu sita kwa mstari ndio unafikia urefu wake. Mwanga wake wote umetandazwa kwenye eneo hilo, kama kopo moja la rangi ulilopewa upake ukuta mzima, rangi ipo ila imekuwa nyepesi mno. Sasa wewe ulivyoweka lenzi ya 4 na balo ya mara tatu umekuza kama mara 487, ukauongeza ukuta na kopo ni lile lile. Kioo cha milimita 130, usiku uliotulia sana na kitu chenye mwanga mkali, kinaishia kama mara 260. Hiyo balo ya mara tatu na lenzi ya 4 usizikutanishe tena, kila moja peke yake sawa.

Weka lenzi ya milimita 25. Unapata ukuzaji wa mara 26 na kipande cha anga cha karibu digrii 2. Hata hapo Andromeda yote haiingii, utaona kiini na sehemu ya pembeni, ndio maana wengi wanadhani wameona kitu kidogo kumbe wako ndani ya kitu hicho hicho wanachokitafuta.

Picha si za uongo. Kamera inaweka akiba ya mwanga, inaachwa wazi dakika kadhaa, wengine wanajumlisha masaa mengi ya picha kwenye picha moja. Jicho haliweki akiba, linaanza upya kila sekunde. Na sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani haijui rangi, ndio maana unaona kijivu.

Abdurrahman al-Sufi aliandika habari za galaksi hiyo mwaka 964, bila darubini yoyote, akaiita wingu dogo. Ulichoona wewe na alichoona yeye ni jambo moja, ila wewe unajua kwamba mwanga ule ulianza safari miaka kama milioni 2.5 iliyopita. Mimi mpaka leo nikilikumbuka hilo nikiwa kwenye darubini nakaa kimya kidogo.

---

giza_totoro

Bi Kilimia kamaliza upande wa darubini, mimi niongelee giza maana hapo ndipo watu wengi wanapopotezea usiku wao. Mkuu ulitazamia wapi? Kama kuna taa ya barabarani au hata taa ya jirani inakumulika usoni basi hata ungekuwa na kioo mara tatu ya hicho usingeona kitu cha maana. Mwezi nao ni hivyo hivyo, ukiwa mpevu galaksi zisahau, subiri siku za mwandamo au utoke nje kabla haujachomoza. Kuna kipimo cha giza la anga cha Bortle cha mwaka 2001, kinaanzia 1 giza halisi mpaka 9 katikati ya jiji, na nakwambia kwa uzoefu wangu kutoka 7 kwenda 4 kumenipa zaidi ya nilichopata nilipobadilisha darubini.

Halafu macho. Mboni inapanuka haraka, lakini ule uwezo wenyewe wa kuona gizani unajengeka taratibu, dakika 20 mpaka 30 ndio unaanza kuwa mzuri na unaendelea kuongezeka baada ya hapo. Ukiwasha simu sekunde tano umerudi mwanzo. Watu wanasema simu yangu ina mwanga mwekundu, sawa, lakini kioo chake bado kikali, punguza mpaka mwisho au ifunike na plastiki nyekundu, bora zaidi chora ramani yako kwenye karatasi kabla hujatoka. Mimi najifunika kitambaa cheusi kichwani kama wapiga picha wa zamani, mwanga wa pembeni wote unakatika.

Na jambo la mwisho ambalo hakuna aliyeniambia mwaka mzima, USIKITAZAME KITU MOJA KWA MOJA. Katikati ya jicho ni pazuri kwa mchana, gizani ni kama pofu. Tazama pembeni kidogo ya kitu na uache kona ya jicho ikione. Ukitumia jicho la kulia tupia macho kulia kwa kitu, la kushoto tupia kushoto, kwa sababu upande mwingine kuna ile sehemu ya jicho isiyoona kabisa. Mwanzoni inakera, ukikitazama kinapotea, ukikiacha kinarudi. Baada ya siku kadhaa jicho linazoea lenyewe.

---

mlengaji

Nakubali karibu yote ila hapa kwenye kukuza nataka niweke sawa kidogo, isije ikaonekana kukuza ni dhambi. Ukikuza, kitu kinafifia kweli lakini na anga ya nyuma yake inafifia vile vile, tofauti kati yao inabaki pale pale, na jicho gizani linatambua kitu kikubwa chenye mwanga hafifu kirahisi kuliko kidogo chenye mwanga huo huo. Kwa hiyo galaksi ndogo unaweza kukuta kwa mara 26 huioni, kwa mara 65 inajitokeza. Usipande mpaka 487 tu.

Na mafungu ya nyota ya duara ndio kabisa, yale yanataka kukuzwa. Chukua fungu linaloitwa 47 Tucanae kama anga ya kusini unaiona. Kwa lenzi ya 25 ni mpira wa ukungu, kiini kikali. Weka lenzi ya 10, tulia, pumua taratibu, pembeni pataanza kuchanika kuwa chembe chembe, nyota moja moja, halafu ukiendelea unaona zinaingia mpaka karibu na kiini. Ni kama kutazama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Iko mbali kama miakanuru 15,000 (mwakanuru ni umbali mwanga unaosafiri kwa mwaka) na unazihesabu nyota zake. Kwa mtu aliyeumizwa na Andromeda mimi ningempeleka huko kwanza. Anayeishi kaskazini, fungu la M13 linafanya kazi hiyo, ingawa kwa maoni yangu halifiki hapo.

Filta wasikudanganye pia. Zile za UHC na OIII, zinazopitisha rangi chache tu za mwanga, ni nzuri mno kwa nebula zinazotoa mwanga wao zenyewe kwa gesi, kwa sababu mwanga wa gesi uko kwenye rangi chache tu na filta inaacha hizo inakata nyingine. Galaksi ni mwanga wa nyota, una rangi zote, ukiweka filta unajinyima tu.

---

kioo130

Wakuu nimerudi na ripoti, samahani ni ndefu.

Nilisubiri siku isiyo na mwezi, nikaenda sehemu isiyo na taa hata moja, darubini nikaitoa nje saa nzima kabla ili kioo kipoe, simu nikaizima kabisa nikaiacha kwenye begi. Nikakaa tu chini kama dakika 40. Hiyo peke yake, jamani, Njia Nyeupe ilikuwa imekatiza juu kama moshi na mimi sijawahi kuiona hivyo maisha yangu yote.

Andromeda nikaipata kwa darubini ndogo ya kulengea ndani ya dakika tano. Lenzi ya 25. Safari hii ilijaza mpaka ikatoka nje ya duara pande mbili! Kiini kimeng'aa, halafu pembeni yake nikaona kitu kama nyota iliyokosa fokasi, nikadhani ni lenzi, nikasogeza darubini nayo ikasogea na nyota nyingine, kumbe ni M32, galaksi ndogo jirani ya Andromeda. Ya pili, M110, sikuiona kabisa mpaka nikafanya ile ya kutazama pembeni, ikaja, ikapotea, ikaja tena, na nikigonga bomba la darubini polepole ikitikisika ndio naiona zaidi, hii sijui ni kwa nini.

Halafu Jabari alipopanda nikalenga kwenye upanga, chini ya zile tatu za mkanda. Sikutegemea. Wingu lina mabawa mawili yamefunguka, na ndani kuna nyota nne ndogo zimesongamana kama mtu kazichoma na sindano. Na nilivyokaa nalo kama robo saa nikaanza kuona kama rangi, kijani kibichi kimefifia sana. Ni macho yangu au ni kweli? Picha zote ni nyekundu na zambarau.

---

Bi_Kilimia

Ni kweli mdogo wangu, kijani ipo. Ni oksijeni ya mle ndani, mwanga wake unaangukia karibu kabisa na pale jicho lako linapohisi vizuri zaidi gizani, na nebula ya Jabari ni kali kiasi cha kuamsha rangi kidogo. Nyekundu ya hidrojeni nayo ipo, ila jicho gizani karibu halisikii nyekundu, kamera ndiyo inaisikia. Zile nyota nne ni changa mno na mwanga wao ndio hasa unaoiwasha gesi yote hiyo uliyoiona, miakanuru kama 1,300 kutoka hapa.

Kugonga bomba ni mbinu ya wazee, umeigundua mwenyewe. Jicho la pembeni linashtukia kitu kinachosogea kuliko kilichotulia.

---

kioo130

Asanteni sana. Sasa nataka mikono ya galaksi, nakubali kwamba Andromeda imelala upande, ipo nyingine inayoonyesha?

---

mlengaji

Mikono kwa 130 ni kazi mkuu. Wa kwanza kuiona kwenye galaksi yoyote alikuwa Lord Rosse mwaka 1845, kwenye M51, kwa kioo cha inchi 72. Siku hizi watu wanaidokeza kwa kioo cha inchi 8 au 10 kwenye giza la kweli, sisemi haiwezekani kwa chako ila usiifanye ndiyo shabaha ya kwanza utaumia tena. M1 nayo, ile nebula ya Kaa, iache kidogo, inasifiwa sana kwa sababu ni mabaki ya nyota iliyolipuka ikaonekana mwaka 1054, lakini kwenye lenzi ni doa la mviringo lisilo na umbo.

Nenda kwenye galaksi ya NGC 253. Caroline Herschel aliipata mwaka 1783 akiwa anatafuta nyota zenye mkia (kometi) kwa darubini ndogo kuliko wengi tunavyodhani. Imelala kama mchirizi mrefu, haina ukungu wa duara kama Andromeda, na kwa mara 65 ukitulia utaona mwanga wake haujalingana, una mabaka mabaka, sehemu nyingine nzito nyingine nyepesi. Hayo mabaka ndiyo mikono yenyewe, unaitazama kwa ubavu.

---

giza_totoro

Na uichore. Penseli na karatasi na taa nyekundu hafifu, si lazima ujue kuchora. Ukijilazimisha kuweka kila nyota mahali pake unaanza kuona vitu ambavyo dakika kumi za mwanzo havikuwepo. Mchoro wangu wa kwanza wa NGC 253 ni mstari tu, wa tano una mabaka saba na nyota mbili zilizopakana nayo, darubini ile ile, sehemu ile ile.

---

kioo130

Sawa, penseli ninayo. Leo mawingu yamefunga kabisa ila kuanzia keshokutwa bado nina usiku nne bila mwezi. Nikiipata naleta mchoro hapa hapa.