Timu ikihamishia mechi ya nyumbani nchi ya watu, shabiki wake anabaki na nini?

FundiChikongola (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikera na hapa gereji hakuna wa kulijadili naye. Nikitaja raga tu, vijana wanauliza kama ni ule mpira wa yai wa watu kukumbatiana, halafu hao wamerudi kwenye Simba na Yanga.

Niliishi Bloemfontein, Afrika Kusini, miaka kadhaa, nikitengeneza injini za pikapu. Bosi wangu, mzee wa Kikaburu, alikuwa shabiki lialia wa Cheetahs, timu ya raga ya mji ule. Jumamosi ya mechi anafunga gereji mapema, anatupakia nyuma ya gari, tunaenda Free State Stadium. Mimi raga sikuijua hata kidogo. Kilichonivuta ni maegesho: watu wameshusha majiko, wanachoma nyama na soseji nyuma ya magari yao tangu asubuhi, jirani anakula kwa jirani, mtoto wa huyu anarushiwa mpira na baba wa yule. Dakika themanini za uwanjani zilikuwa kama kitoweo tu. Sheria za mchezo nilikuja kuzijua taratibu, na siku nilipojikuta namfokea refa kwa Kiafrikana kibovu, nikajua nimeshaingia.

Sasa juzi mzee kanitumia sauti, muda mwingi anasonya. Kwa wasiofuatilia: mwaka 2020 Cheetahs waliondolewa kwenye mashindano ya Pro14 waliyokuwa wakicheza na timu za Ulaya, na nafasi za Waafrika Kusini zikaenda kwa Bulls, Lions, Sharks na Stormers. Msimu wa 2022/23 wakaalikwa kwenye Challenge Cup, lile kombe la pili la vilabu vya Ulaya. Mwaliko mzuri, ila uwanja wao wa nyumbani ukawa Parma, Italia. Baadaye wakahamia Amsterdam. Wazungu hawakutaka kupanda ndege ya usiku kucha kumfuata mgeni mwalikwa.

Mzee anauliza: "Hiyo ni nyumbani gani ambayo mimi mwenye nyumba nahitaji viza kuingia?"

Nimeshindwa kumjibu. Nauliza humu kwa sababu sisi watu wa Kusini, Mtwara na Lindi, mambo haya tunayajua kwa mlango mwingine. Klabu ikifanya hivi inamkosea shabiki au inajiokoa ili huyo shabiki awe na timu ya kushabikia mwakani? Na kama inamkosea, inamlipa nini?

Mhasibu_Mstaafu (Mtwara)

Fundi mwanangu, nakujibu kwa kalamu na karatasi, maana nimeshika vitabu vya vilabu na najua harufu ya sanduku tupu.

Klabu ya raga haina fedha kama watu wanavyodhani. Pale Uingereza, msimu wa 2022/23 peke yake ulizika Wasps, Worcester na London Irish, vyote vya ligi kuu, vyote kwa madeni. Mtu anayezama hachagui kamba.

Hao London Irish ndio walioanza kupeleka mechi ya ligi Marekani. Machi 2016 walikuwa wenyeji wa Saracens, lakini mechi ikapigwa New Jersey, uwanja wa Red Bull Arena. Waliingia watu 14,811, wengi kuliko waliozoea kuwaona kwao Reading. Ukiwa mweka hazina na mtu akakuletea mkataba wa namna hiyo, utasema hapana?

Hasara ya shabiki nayo inahesabika. Ligi ile ilikuwa na timu 12, kwa hiyo mechi za nyumbani ni 11. Ukiondoa moja, mwenye tiketi ya msimu kapoteza karibu asilimia tisa ya alicholipia. Mrudishie hiyo asilimia tisa, muongezee soda, yameisha.

Mwera_wa_Ruangwa (Lindi)

Mzee wangu shikamoo, lakini hiyo soda usiniletee mimi.

Namungo, timu yetu ya soka, walipoingia Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, Ruangwa nzima haikulala. Wilaya ya korosho na ufuta, timu yake inacheza Afrika! Lakini mechi za nyumbani zilipigwa Dar, kwanza Chamazi, kisha hatua ya makundi Uwanja wa Mkapa. Masharti ya viwanja vya kimataifa ndivyo yalivyo, simlaumu mtu. Nasema tu kilichotokea kwetu. Kwenda Dar ni kutwa nzima ndani ya basi, nauli kwenda na kurudi, malazi Mbagala kwa shemeji ambaye kakuchoka. Shambani umemwachia nani? Walioenda ni wale wenye ndugu Dar na wale wenye pesa. Sisi wengine tulisikiliza redio mita chache kutoka Uwanja wa Majaliwa, uwanja umefungwa kufuli.

Kuna kichekesho kimoja ambacho Fundi atakipenda. Tulipangiwa na Primeiro de Agosto wa Angola. Timu yetu ilipofika Luanda ikazuiwa kwa mambo ya vipimo vya korona, mechi ikavunjika. CAF wakaamua mechi zote mbili zichezwe Dar. Kwa hiyo Waangola walikuwa "wenyeji" Chamazi, wakala sita kwa mbili wakiwa nyumbani kwao pa karatasi. Tukapita kwa jumla ya 7-5. Hivi kuna mtu amewahi kumuuliza shabiki wa Luanda alijisikiaje siku ile? Sisi tulikuwa tunacheka.

Kwenye makundi tukacheza na Raja, Pyramids na Nkana, hatukupata hata pointi moja. Sisemi Ruangwa tungewafunga Raja. Nasema wangekuja kwanza wapite ile barabara.

Kijana_wa_Mikindani (Mtwara)

Mbona hilo dogo. Juni 2024 Harambee Stars ya Kenya walikuwa wenyeji wa Burundi, mechi Lilongwe, Malawi. Mgeni ni Burundi, ambao nao Novemba 2023 waliwapokea Gambia hapa kwetu kwa Mkapa. Yaani mwenyeji hana kwake na mgeni naye hana kwake, wamekutana sebuleni kwa mtu wa tatu.

FundiChikongola

Kijana umenichekesha. Lakini hao viwanja vyao havikukidhi vigezo, hawakuwa na la kufanya. Mimi nazungumzia mwenye uwanja mzima, nyasi zimekatwa, na bado anaondoka.

Mzee Mhasibu, umetaja mechi ya New Jersey ukaishia hapo. Malizia hesabu. Msimu uleule London Irish walishuka daraja. Sisemi ni kwa sababu ya safari, walikuwa wabovu tangu mwanzo, ila timu inayopigania kubaki ligi kuu imekwenda kuuza mechi ya nyumbani na ikafungwa 26-16. Septemba 2017 Newcastle Falcons nao wakawa wenyeji wa hao hao Saracens kule Philadelphia. Waliingia watu 6,271, na Newcastle wakala 29-7. Kwao Kingston Park panachukua zaidi ya elfu kumi. Mwaka uliofuata safari nyingine ya Philadelphia ilipangwa, ikafutwa. Sasa hapo mweka hazina alipata nini?

Ila nisiwe mtu wa kulalamika tu, maana kuna safari mbili ambazo mimi mwenyewe nazipigia makofi.

Ya kwanza ni ya Crusaders wa Christchurch, New Zealand. Februari 22, 2011 tetemeko liliua watu 185 mjini kwao na uwanja ukaharibika. Mwezi uliofuata wakaenda kucheza "nyumbani" Twickenham, London, dhidi ya Sharks wa Durban, wakashinda 44-28, na sehemu ya fedha za kiingilio ikaenda kwa walioathirika na tetemeko. Shabiki wa Christchurch siku hiyo hakuibiwa mechi. Alikuwa anatafuta pa kulala, timu yake imekwenda kumtafutia chochote.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi. Aprili 2011, robo fainali ya Kombe la Ulaya, Perpignan wa Ufaransa waliwapokea Toulon nchi nyingine kabisa: Barcelona, Hispania, Uwanja wa Olimpiki wa Montjuïc. Uwanja wao wa Aimé Giral haufikishi watu 15,000. Barcelona walijaa kama 55,000, na Perpignan wakashinda 29-25. Na hakuna shabiki wa Perpignan aliyejiona kaenda ugenini! Wale ni Wakatalani, na Barcelona ni kwa Wakatalani. Mpaka wa serikali mbili umepita katikati yao kama Ruvuma ilivyopita katikati ya Wamakonde.

Hebu fikirini. Mjomba wangu yuko Kilambo, wakwe zake wako ng'ambo, Msumbiji. Enzi za amani, kabla Cabo Delgado haijaharibika mwaka 2017, watu wakienda msibani ng'ambo na kurudi, na kuna shangazi yangu aliyevuka kwa mtumbwi na jogoo wa mahari kwapani (jogoo alitoroka, mahari ikaendelea). Timu ya Mtwara ikipeleka mechi Palma, mji wa huko ng'ambo, kwa lugha ileile na ngoma ileile, ni nani angesema imehamia nje ya nchi? Palma ni jirani. Dar ni mbali mno. Lakini kwenye makaratasi Palma ndiyo ugenini na Dar ndiyo nyumbani.

Kwa hiyo mimi naona swali la nje au ndani ya nchi ndilo linatupoteza. Niulizeni: shabiki wa kawaida, mwenye nauli ya kawaida, anafika? Akishindwa, aliulizwa?

Dada_wa_Pweza (Mtwara)

Kaka Fundi, mnazungumzia shabiki aliyelipa kiingilio. Na mimi ambaye siingii?

Mimi ni wa nje ya geti pale Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Siku ya mechi kubwa nauza pweza, mihogo ya kukaanga na juisi ya ukwaju, na msimu wake ukifika naongeza ming'oko. Mechi na timu ya Dar ni mtaji wa miezi. Wageni wanakuja tangu jana yake, gesti zinajaa, bodaboda hawalali, hata wauza korosho za kubangua wanapandisha bei kidogo, tusidanganyane.

Sasa kuna mwaka, timu siitaji, mechi ya nyumbani ya aina hiyo ikahamishiwa Dar. Tukaambiwa huko mapato ya mlangoni ni makubwa. Nilikuwa nimeshachukua pweza kwa wavuvi kwa mali kauli, amejaa kwenye friza la watu. Pweza hana habari kwamba ratiba imebadilika. Nilimuuza kwa bei ya kumwondoa, nikalipa deni kwa pesa ya ada ya mtoto. Timu ilipata mgao wake, sikatai. Ila mgao ule haukupita Nangwanda.

Huyo mzee wa Bloemfontein mwambie pole. Lakini muulize pia wale waliokuwa wakimuuzia mkaa na soseji wako wapi siku hizi.

Mhasibu_Mstaafu

Fundi, ya Philadelphia nimeikubali, tarakimu haina undugu. Na la kuulizwa nimelikubali pia. Mwenye tiketi ya msimu aambiwe kabla hajanunua, si baada. Tiketi iandikwe mechi kumi na ilipiwe kumi. Wakitaka kumkimbilia huyo mwenye mkataba, watangulize kwa wanachama.

Lakini kwa Cheetahs nabaki palepale. Wao hawakuhamisha mechi kutoka Bloemfontein, maana mechi yenyewe haikuwepo. Ilikuwa Parma au kukaa nyumbani kuwatazama Bulls na Stormers kwenye televisheni. Na walifaidika: msimu ule wa kwanza walivuka makundi wakaenda kutolewa na Toulon hatua ya 16 bora, na mwaka huohuo wa 2023 wakatwaa Currie Cup, kombe la ndani la Afrika Kusini, hapohapo Bloemfontein, wakiwafunga Pumas 25-17. Wachezaji kama Ruan Pienaar, mtoto wa mjini pale, ungewashika na nini kama huna mechi za kuwapa?

FundiChikongola

Hapo kwenye Currie Cup umenikamata. Fainali ile mzee alinitumia picha: jiko, moshi, wajukuu watatu wamevaa rangi ya chungwa, na yule jirani yake wa maegesho bado yupo. Nitampelekea hoja yako kama ilivyo, ya Parma au kukaa bure. Najua atasonya kwanza.

Na Dada, nimemuuliza. Anasema muuza soseji aliyekuwa karibu na geti la kaskazini alishaacha, sasa ana duka la matairi.

Dada_wa_Pweza

Kapata mtaji wapi huyo? Na wewe mzee wangu Mhasibu, hesabu yako nimeisoma mara mbili. Kuna wa tiketi, kuna wachezaji, kuna mwenye mkataba. Safu ya pweza sijaiona.

Mhasibu_Mstaafu

Haipo, mwanangu. Vitabu vyote nilivyoshika, safu hiyo haikuwahi kuwepo, na hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kuiulizia.

Mwera_wa_Ruangwa

Basi mzee ichore leo. Na ukimaliza, chora na ya nauli ya Ruangwa.